Menyu ya Rangi ya Maziwa

Kama kuna mtu aliyestahili kuumbuliwa mchana kweupe, mbele ya watu wenye suti, basi ni yule bwana waliyemwita Msanii. Nasema hivi huku nikijua fika yaliyotokea mwishoni, na bado nasema. Alistahili, tena na nyongeza.

Msanii alikuwa mkuu wa kitengo cha sura katika kampuni moja ya kutengeneza programu za kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kazi yake ilikuwa kuamua programu ionekaneje: kitufe kiwe na pembe au kiwe mviringo, rangi iwe ipi, maandishi yakae wapi. Ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini yeye aliibeba kana kwamba kashushiwa kutoka juu. Alivaa skafu shingoni hata jua likiwa kali, na mapazia ya chumba chake hayakufunguliwa mwaka mzima, eti mwanga wa nje usimharibie rangi kwenye skrini yake, ambayo ilikuwa pana kama meza ya kulia chakula.

Chini yake alifanya kazi binti mmoja ambaye kwao aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake baada ya kaka wanne. Msanii akishachora picha yake nzuri, Kitinda ndiye aliyekaa chini akaandika programu hadi kompyuta ikatii. Mmoja alisifiwa, mwingine aliumwa mgongo. Hilo Kitinda alilizoea, na wala si hilo lililomtia kinyongo.

Sasa tufike kwenye menyu, maana ndipo palipozaliwa balaa lote. Ukibofya neno lililo juu ya dirisha la programu, orodha inashuka: fungua, hifadhi, chapisha. Kwa kawaida orodha hiyo haichorwi na programu. Inachorwa na mfumo wa kompyuta wenyewe, na mfumo unamjua mwenye kompyuta. Kama amechagua herufi kubwa, unampa kubwa. Kama macho yake hayavumilii weupe, akachagua herufi za njano juu ya weusi, unampa njano juu ya weusi bila kumuuliza maswali. Msanii hakuupenda mchoro wa mfumo. Alisema ni menyu za kishamba. Akaamuru programu iunyang'anye mfumo brashi, ijichoree menyu zake yenyewe, mstari kwa mstari, kwa rangi aliyoipata baada ya wiki tatu za kukunja uso mbele ya skrini. Ilikuwa nyeupe yenye unjano kwa mbali. Akaiita rangi ya maziwa.

"Bosi," Kitinda alimwambia siku hiyo, "tukichora wenyewe, lazima kwanza tuulize mfumo kama mtu kajichagulia rangi zake. Akiwa kajichagulia, tumwachie za kwake."

"Watu wa namna hiyo wako wangapi?"

"Hata akiwa mmoja."

"Dada yangu, usiniharibie sura kwa ajili ya mtu mmoja."

Ikawa basi. Kitinda alirudi kwenye meza yake. Hakumwambia kwamba huyo mmoja anamjua, kwamba anaishi naye nyumba moja, na kwamba ndiye aliyemzaa.

Mama yake alikuwa karani wa masjala katika hospitali iliyonunua programu ile. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemwonya miaka miwili nyuma kwamba ipo siku yataanza kumwacha, na kwamba rangi hafifu ndizo zitakazotangulia kupotea. Lakini kwa herufi kubwa za njano juu ya weusi alifanya kazi kuliko vijana wenye macho yao mawili mazima. Mgonjwa akifika dirishani, kabla hajamaliza kukohoa, faili lake limeshafika kwa daktari. Mama huyo alikuwa na sharti moja tu kwa binti yake. "Nisije nikasikia umetamka pale hospitali kwamba mimi ni mama yako. Watasema nakalia kiti kwa mgongo wa mwanangu." Na Kitinda alitii.

Toleo jipya lenye menyu za maziwa likawekwa. Haukupita mwezi, mzee mmoja fundi saa akafika dirishani siku ya kliniki yake, kadi mkononi, akaambiwa haiwezekani, yeye ameshafariki tangu jana. Mzee akacheka. "Basi nimekuja mwenyewe kuuchukua mwili," akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Kumbe wakati huohuo mtu wa ofisi ya takwimu alikuwa ameshapiga simu nyumbani kwa mzee kutoa pole, na mkewe ameanguka palepale jikoni, nyonga imevunjika. Habari hiyo ilipofika kwenye foleni, hakuna aliyecheka tena.

Kompyuta haifichi. Ilionyesha kwamba aliyempeleka fundi saa kwa waliofariki ni mama yake Kitinda. Kwenye menyu mistari miwili ilifuatana: "Peleka kwa daktari", na chini yake "Peleka kwa waliofariki". Miaka sita mama hakuwahi kuikosea, na tangu toleo jipya liwekwe hakumwambia bintiye kwamba menyu haioni. Katibu wa hospitali, bwana mnene aliyependa haki na aliyekuwa na presha ya damu, akamtoa dirishani, akampeleka stoo kupanga mafaili ya karatasi, akaitisha kikao tarehe kumi na tisa. Kikao kilikuwa na jambo moja tu la kuamua: mama abaki kwenye kiti chake, au aandikwe kwamba hafai na arudishwe nyumbani.

Tarehe tisa kampuni ikamtuma Msanii akaangalie kulikoni. Kitinda akaambiwa amfuate abebe nyaya.

Mama aliitwa kutoka stoo, vumbi mikononi hadi kwenye viwiko. "Karibuni," akasema, na macho yake yakapita juu ya bintiye kama yanavyopita juu ya kabati. Alimweleza Msanii polepole, kwa adabu ya mtu aliyekwishajihukumu. "Menyu ikishuka, mwanangu, mimi naona utupu. Naona karatasi tupu. Nilihesabu mistari kwa kukisia, nikakosea."

Sasa sikiliza vizuri. Mtu mwenye akili zake angevuta kiti, akakaa pale anapokaa mama, akaishusha menyu, akatazama. Msanii hakukaa. Aliisukuma kibodi ya mama pembeni kwa kiwiko, akaweka laptopu yake mwenyewe juu ya meza, akashusha menyu kwenye laptopu yake. "Unaona? Weusi juu ya maziwa. Mtoto wa chekechea anasoma."

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Herufi ndogo, mwanga mkali, machozi yakamtoka. "Sioni, mwanangu."

"Basi tatizo si menyu, mama," Msanii akasema, kwa sauti ya kusikiwa hadi dirishani. "Tatizo ni macho. Umri ukifika mtu anapumzika, anawaachia wenye macho yao."

Makarani wawili vijana waliinamisha vichwa. Mmoja mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko. Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake ingawa haikuwa na uchafu, akasema, "Sawa, mwanangu," akarudi stoo.

Msanii akikunja nyaya zake, Kitinda aliinama kwenye kompyuta ya mama akaishusha menyu. Akaona pande la maziwa, na ndani yake nyuzi hafifu za njano ambazo hata yeye, mwenye macho ya kutunga uzi kwenye sindano gizani, hakuweza kusoma herufi hata moja.

Kesho yake, tarehe kumi, aliifungua programu na kuikagua mstari baada ya mstari. Hakuchukua saa nzima. Wiki moja ambayo Kitinda alikuwa anaumwa, Msanii alikuwa ameingia mwenyewe kupaka rangi yake, maana hakuweza kusubiri. Nyuma ya maneno akapaka maziwa kwa amri yake. Herufi zenyewe akazisahau. Akaziacha zichukue rangi ya mfumo, kwa kuwa kwenye skrini yake zilikuwa nyeusi tayari. Kwa watu wote herufi za mfumo ni nyeusi, menyu ikawapendeza. Kwa mama peke yake, aliyeiambia kompyuta yake nipe njano, ikawa njano juu ya maziwa. Yaani ukipaka ukuta, ni ama upake na ukuta na maandishi, ama uache vyote viwili. Hilo ni kosa ambalo mwanafunzi wa muhula wa kwanza anafokewa mbele ya wenzake. Na mtu aliyelifanya alikuwa amemwambia mama wa watu aende akapumzike!

Dawa yake ilikuwa ni mistari miwili: kuuliza mfumo kama mtu ana rangi zake, na akiwa nazo, kuurudishia mfumo brashi. Kitinda akaiandika. Akaijaribu. Menyu ikashuka nyeusi tii, herufi kubwa za njano zikisomeka ukiwa mlangoni. Akaitia kwenye flashi kabla ya saa sita mchana, akachukua simu ampigie mama.

Akaiweka chini.

Alimjua mama yake. Mama ni mnyoofu kama rula. Akiambiwa tu kwamba si macho, ni menyu, ataenda moja kwa moja kwa Katibu. Katibu atampigia Msanii. Msanii atarekebisha kimyakimya ndani ya dakika kumi, atasema kulikuwa na kasoro ndogo ya kiufundi, atachapa miguu na skafu yake, na yale maneno aliyoyasema pale dirishani yatabaki yamesemwa. Hapana. Kitinda aliapa, kwa sauti, peke yake, mbele ya kompyuta. "Utakiona cha mtema kuni. Utakaa kwenye kiti kile, utashusha menyu yako, na watu watakutazama." Siku tisa si nyingi, akajiambia. Mama atavumilia. Kavumilia makubwa kuliko hayo.

Tangu siku hiyo akawa mfanyakazi mtamu. Alimpaka Msanii mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka yeye mwenyewe akawa anajishangaa.

"Bosi, hicho kikao cha hospitali, mbona tusikitumie?"

"Kukitumia vipi?"

"Wale wa zile hospitali mbili wanaotaka kununua, waalike. Waje waone unavyoitetea kazi yako. Uiendeshe kwenye kompyuta yao wenyewe, kwa projekta, wajue hatuna cha kuficha."

Msanii akajishika kidevu, akauona ukumbi umejaa. "Dada, siku hizi unafikiri."

"Nimejifunza kwako, bosi."

Kisha akampigia Katibu kwa niaba ya kampuni: mtaalamu wetu atakalia kiti kilekile cha karani, atatumia kompyuta ileile, na tafadhali mtu asiguse mipangilio yake mpaka siku hiyo, kwa kuwa ni ushahidi. Katibu akafurahi. "Hiyo ndiyo haki," akasema. Kitinda alikata simu akicheka peke yake. Nikuambie ukweli, kulikuwa na utamu. Alikuwa akila chakula anaufikiria uso wa Msanii, akioga anaufikiria, akipanda ngazi za ofisi anaupangia utakavyoparama. Kwa siku kadhaa alitembea mwepesi kama aliyepokea barua ya harusi.

Jumapili ndiyo ilimtibulia. Alitoka sokoni mchana, akafungua mlango, akamkuta mama yake katikati ya ukumbi amejifunga kitambaa machoni, mikono mbele, anatembea. Kutoka jikoni hadi chumbani hatua kumi na moja. Kutoka chumbani hadi bafuni sita. Alikuwa anazihesabu kwa sauti ya chini, akigusa ukuta kwa ncha za vidole.

"Mama, unafanya nini?"

"Najizoeza." Mama alikivuta kitambaa juu, akatabasamu. "Usitishike. Afadhali nijifunze nyumba wakati bado ninaona kidogo, nisije kuwasumbua. Yameanza, Kitinda. Daktari alisema rangi hafifu zitatangulia, na ndivyo ilivyo."

Kitinda alisimama na vikapu mikononi. Ulimi ulikuwa palepale, neno lilikuwa palepale. Si macho, mama. Neno fupi namna hiyo. Akamwona Msanii anaisukuma kibodi kwa kiwiko. Akameza.

"Subiri kikao kipite, mama. Mambo yatakaa sawa."

"Njoo kwanza hapa dirishani," mama akasema. Akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama paji, nyusi, pua, kovu la utotoni chini ya mdomo. Akakaa hivyo muda mrefu. "Tulia. Nataka nikukariri."

Na bado hakusema. Siku nne zilikuwa zimebaki. Alikwenda chumbani akafunga mlango, akajitupa kitandani akalia kwa hasira, na hasira yote akaipeleka kwa Msanii. Kila hatua aliyoihesabu mama pale ukumbini, Kitinda aliiandika kwenye deni la yule bwana. Aliona ni haki. Nani mwingine angelaumiwa?

Tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, chumba cha masjala kilijaa. Katibu mbele, wajumbe watano wa kikao, mkurugenzi wa kampuni aliyekuja kwa mwaliko wa Msanii mwenyewe, na wale wageni wa hospitali mbili na kalamu zao. Ukutani projekta ilionyesha skrini ya kompyuta ya mama, nyeusi, herufi njano. Mama alikaa pembeni kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Msanii aliingia na skafu mpya.

Alihutubia kwanza. Alisema kuhusu urembo, na utulivu wa jicho, na maziwa. Wageni wakaandika. Katibu akatazama saa.

"Bwana mtaalamu, karani anasema menyu haisomeki. Sisi tunataka kitu kidogo tu. Kaa pale, chukua faili, lipeleke kwa daktari. Tumia la kwangu, nina kliniki ya presha leo."

"Bila shaka," Msanii akasema. Akakaa. Akatafuta jina la Katibu, akalipata. Akabofya menyu.

Ukutani likashuka pande la maziwa, pana, tupu.

Msanii akabofya tena, likafungwa. Akabofya, likashuka. Tupu. Mtu mmoja akakohoa. Msanii akajongeza uso kwenye kioo, akakunja macho, akavua miwani yake ya fremu nyekundu, akaivaa tena. "Projekta hii..." akaanza.

"Projekta nzima," akasema Katibu. "Tunasoma mengine yote vizuri. Endelea."

Kitinda alisimama ukutani nyuma, amekumbatia mkoba, roho kwatu. Aliona shingo ya Msanii inalowa juu ya skafu. Aliona mshale wa kipanya unateleza juu ya ule utupu, juu kidogo, chini kidogo. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameacha kutabasamu. Msanii akahesabu kwa kidole hewani, kama mtoto, akachagua, akabofya. Skrini ikameta. Jina la Katibu likaondoka kwenye orodha.

"Tayari," Msanii akasema, akijifuta paji. "Limekwenda kwa daktari."

Hazikupita dakika mbili mlango ukafunguliwa. Alikuwa mhudumu wa mochwari na gauni lake la plastiki, karatasi mkononi bado ya moto kutoka kwenye printa. "Samahani wakubwa. Mwili wa Katibu uko wodi gani? Mbona hatujapewa taarifa?" Kisha akainua macho, akamwona Katibu amekaa. Karatasi ikamtoka mkononi.

Jamani, kicheko! Wajumbe walishikilia mbavu, wageni waliangusha kalamu, makarani vijana walitoka nje wakacheka barazani. Hata Katibu, alipomaliza kujipapasa kifuani, alicheka mpaka machozi. Msanii peke yake alikaa pale na mkono juu ya kipanya, uso rangi ya menyu yake.

"Kompyuta imeharibika," akanong'ona. "Mimi naona vizuri, macho yangu mazima..."

Hapo Kitinda akatoka ukutani. Alikuwa ameyalala na kuyaamka maneno yale siku tisa, na sasa aliyasema polepole, asipoteze hata moja. "Tatizo si menyu, bosi. Tatizo ni macho. Umri ukifika mtu anapumzika, anawaachia wenye macho yao."

Makarani waliokuwepo siku ile walitazamana. Walikuwa wanayakumbuka maneno. Mkurugenzi wake akasema, bila kumtazama, "Toka kwenye kiti cha watu." Akatoka. Naapa, Kitinda hakuwahi kuonja kitu kitamu kama hicho maishani mwake.

Akawaeleza wajumbe kosa lenyewe kwa maneno mepesi: nyuma imepakwa kwa nguvu, herufi zimeachwa, kwa hiyo aliyechagua njano kapewa njano juu ya maziwa, na mwenye macho yoyote duniani asingesoma. Katibu akageuka. "Kwa hiyo karani hana hatia."

"Hana hata chembe."

"Kikao kimesikia. Mama, kiti chako hiki hapa. Na tukuombe radhi."

Mama alinyanyuka, akaja, akakaa mahali pake. Alikuwa hajaelewa vizuri bado. "Yaani si macho?" akauliza, na hakumuuliza mtu yeyote.

"Si macho!" Kitinda akasema, karibu acheze. "Subirini, dawa yake ninayo." Lilikuwa limebaki pigo moja tu aliloliwekea akiba: menyu ikishasomeka, amgeukie Msanii amwambie mbele ya wote kwamba mama aliyemtukana ndiye mama yake mzazi. Akachomeka flashi. Akaweka ile mistari miwili, akaifunga programu, akaifungua. Kisha akashusha menyu, na ukutani ikashuka nyeusi, herufi kubwa za njano, kila mstari peke yake. Watu wakapiga makofi.

"Soma, mama," Katibu akasema.

Mama akasoma. "Fungua faili. Peleka kwa daktari. Peleka kwa waliofariki. Chapisha. Funga." Sauti ilipanda kila mstari, machozi yakimchuruzika bila kuyafuta. Alisoma kila kilichokuwa mbele yake, kama mtu aliyerudishiwa nyumba anayefungua kila chumba. Alisoma majina ya wagonjwa. Alisoma dirisha la flashi lililobaki wazi pembeni, jina la faili lililokuwa ndani yake, na ukubwa wake, na tarehe lilipotengenezwa.

"Tarehe kumi," akasoma.

Akainamia kioo kidogo, akasoma tena, moyoni. Makofi yalikuwa yamekwisha, watu wanasimama, viti vinaburutwa. Hakuna aliyewasikiliza.

"Leo ni tarehe ngapi?" mama akauliza, chinichini, bila kugeuka.

"Kumi na tisa," Kitinda akajibu.

"Ulikuwa nayo Jumapili."

"Nilitaka aumbuke, mama. Alikudhalilisha. Ningekuambia, angeponyoka."

"Yule hakujua," mama akasema. "Alikuwa mjinga, hakujua. Wewe ulijua, ukasimama na vikapu vyako, ukanitazama." Alivua miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena. Alimtazama usoni mara moja, kwa macho yaliyoona vizuri kabisa, kisha akarudi kwenye kioo.

Katibu alikuja akipangusa shingo kwa leso, bado anachekea kifo chake. Msanii alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, amepiga magoti anakusanya nyaya zake chini ya meza. "Huyu binti wa kampuni hodari kweli," Katibu akasema. "Na mbona mnafanana hivi? Paji lilelile! Au ni wako, mama?"

Kitinda akamtazama mama yake. Sharti lilikuwa limekwisha kazi sasa. Hapakuwa na kiti cha kulinda tena wala mtu wa kusema vibaya. Alisubiri. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu.

"Hapana," mama akasema. "Ni fundi wa kampuni tu. Mwambieni asante, aende."

Akavuta kibodi karibu, akaliangalia dirisha la wagonjwa, akamwita wa kwanza kwenye foleni kwa jina lake kamili.